Mwaka Tuliobadilishana Wagonjwa

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilisimamishwa mlangoni. Mratibu wetu, muuguzi mstaafu ambaye sote tulimwita Sista, alinizuia kwa mkono kabla sijaingia katika chumba cha mgonjwa hapa Lindi, kijiji kimoja cha mtaa wa Kibera, Nairobi, akaniuliza kama najua kumwosha mtu mzima asiyeweza kugeuka mwenyewe. Nilimjibu kwamba nimewaosha watoto wangu wote, na mama mkwe wangu hadi alipofariki.

"Mtoto ukimuumiza atalia," akasema. "Mama mkwe atakutukana. Huyu hana nguvu ya kulia wala ya kutukana. Kwa hivyo utaangalia uso wake, si mikono yako. Haya, ingia."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ukimwi ulikuwa umeshaingia katika vyumba vyetu vya kupanga, na dawa hizi mnazozijua ninyi vijana hazikuwa zimetufikia. Hospitali zilijaa. Mgonjwa alirudishwa nyumbani, na nyumbani palikuwa chumba kimoja cha ukuta wa udongo na paa la mabati, kitanda upande huu, jiko upande ule, pazia katikati. Kikundi chetu kilikuwa cha wahudumu wa nyumbani, yaani watu wa kujitolea waliofundishwa kumtunza mgonjwa pale pale alipolala. Hatukulipwa. Mimi asubuhi nilikuwa nikifua nguo katika nyumba za watu ng'ambo ya Ngong Road, na mchana nilivaa leso safi nikaingia kazini. Ndiyo, niliiita kazi, na mpaka leo naiita kazi.

Vijana huniuliza tulikuwa tukifanya nini hasa, ikiwa dawa hazikuwapo. Tulifanya mengi. Kwanza kabisa, kugeuza. Mgonjwa aliyelala upande mmoja kutwa hupata vidonda vya kitandani, ngozi inakufa pale mfupa unapokaribia godoro, kwenye nyonga na kwenye visigino. Kwa hivyo tulikunja shuka, tukaipitisha chini yake, tukamgeuza kwa kuvuta shuka wala si kwa kuvuta mkono wake. Tulisafisha kinywa chenye utando mweupe kwa kitambaa laini na kukipaka dawa ya rangi ya zambarau. Tulikoroga maji yaliyochemshwa na sukari na chumvi kidogo kwa mtu anayeharisha, tukamnywesha kwa kijiko, taratibu, maana ukimnywesha kwa pupa atatapika yote. Glavu zilikuwa adimu, kwa hivyo mara nyingi tulivaa mifuko ya nailoni mikononi na kuifunga kwa mpira wa kufungia pesa. Tulipoona hali imetushinda tuliandika rufaa, ile karatasi ya kumpeleka mgonjwa kwa daktari, na tukatafuta wanaume wa kumbeba mpaka barabarani.

Kikundi kilikuwa na pande mbili, Kibera na mtaa wa Kawangware. Kila kijiji kilikuwa na msimamizi wake, na baada ya muda nikafanywa msimamizi wa Lindi. Juu yetu alikuwa Mratibu, na juu ya Mratibu kulikuwa na kamati iliyoongozwa na Mwenyekiti. Huyu alikuwa mzee wa Kawangware, mwenye ploti za vyumba vya kupanga, ukoo wake ulikuwa pale tangu eneo lile lilipokuwa mashamba. Alitupa chumba cha mkutano bure nyuma ya nyumba zake za kupangisha. Alivaa koti kila siku, hata jua likiwaka, na aliongea polepole kama mtu anayejua hakuna atakayemkatiza.

Basi ukaja mwaka ambao nataka kuwasimulia.

Shida ilikuwa siri. Mhudumu wa nyumbani alijulikana. Akionekana akiingia mlango fulani mara mbili kwa wiki, majirani walishajua kuna nini ndani. Kule Kawangware mpangaji mmoja alifukuzwa na mwenye nyumba kwa sababu hiyo tu, na familia nyingine zikaanza kutufungia mlango. Kamati ikaita mkutano. Mwenyekiti akasimama, akasema kuanzia sasa hakuna mhudumu atakayemtunza mgonjwa wa kijiji chake. Wa Kibera watahudumia Kawangware, wa Kawangware watahudumia Kibera. Tutajaribu mpaka mvua za masika ziishe, kisha tutapima.

Niliomba nafasi ya kusema. "Mwenyekiti, kwa heshima. Huku kwenu kuna vyumba vya nyuma, mtu anaweza kufichwa. Lindi chumba ni kimoja. Mgonjwa wangu akikohoa, watu wa nyumba ya tatu wanamwambia pole. Hakuna siri ya kulinda. Kitu alichobaki nacho ni jirani anayemjua, anayeongea lugha ya kwao. Mnataka tumwondolee hicho?"

"Siyo wagonjwa wote wanaofanana na wako, mama," akasema.

"Na siyo wote wanaofanana na wa Kawangware. Na njia je? Kutoka Lindi mpaka hapa ni mwendo mrefu wa miguu. Mvua ikinyesha ule mto wetu haupitiki."

Tulibishana kwa kirefu. Sikufokewa wala kunyamazishwa, hilo niseme. Kisha wakasema tuinue mikono. Upande wangu tulikuwa wachache sana.

Watu walipotoka, Sista aliniita kando, karibu na tangi la maji.

"Umesema yako, na umesema vizuri," akaniambia. "Sasa utaenda kuwaambia nini watu wa Lindi?"

"Nitawaambia mmeamua."

"Sisi akina nani?"

Nikageuka kuangalia tangi.

"Mama Achieng, wewe ulikuwa kwenye mkutano. Ukienda kusema 'wameamua', watu wako watafanya kazi nusu, na wewe utaonekana mzuri. Kama huwezi kusema 'tumeamua', niambie leo. Nitatafuta msimamizi mwingine na sitakasirika. Lakini usiniambie ndiyo hapa halafu ukifika Lindi iwe hapana."

Nilitembea na hayo maneno kutoka Kawangware mpaka Dagoretti Corner, nikayatembeza Ngong Road, na nilipoteremka kuingia Kibera nilikuwa bado nimekasirika. Lakini nilikuwa pia nimeamua. Uongozi ule ulikuwa umenisikiliza. Haukutuagiza kumwibia mtu wala kumdhuru kwa makusudi. Kama ungetuagiza hivyo ningeacha kazi pale pale na kuwaambia watu sababu. Huu ulikuwa uamuzi niliouona mbaya, uliofanywa na watu waliotaka mema. Wa namna hiyo unapingwa mkutanoni, na ukishapita unafanywa kwa mikono miwili.

Kesho yake niliwakusanya wahudumu wa Lindi. Niliwaambia yote bila kuficha. Nilipinga, nikashindwa, na sasa tumeamua, tunaanza wiki ijayo. Wafula akacheka. Wafula alikuwa fundi wa mawe, mwanamume pekee katika kundi letu, mwenye mgongo mpana na ulimi mkali.

"Mama Achieng, tusisumbuane," akasema. "Hao wa Kawangware wakija, tuwakaribishe, tuwape chai. Wakishaenda, sisi tuendelee na watu wetu. Nani atajua?"

Nilikiri moyoni kwamba wazo lilikuwa tamu. Wengine walikuwa tayari wanaitikia kwa kichwa.

"Mgonjwa atajua," nikamwambia. "Ataoshwa na watu wawili wasiosemezana. Na kuna kingine. Uamuzi huu ukiwa mbaya kama mimi na wewe tunavyodhani, kamati itaonaje ubaya wake, kama kila siku sisi tunapita nyuma tukiuziba matundu? Watakaa pale waseme, mnaona, unafanya kazi. Tutakwama nao milele."

"Kwa hivyo tuwaache watu wetu wateseke ndio wazee waone?"

"Hapana. Tufanye sawasawa, na palipo na shida tuipeleke juu siku hiyo hiyo. Si kesho, na si kwa kunung'unika pale mferejini."

Wafula alichukua kofia yake. "Haya. Mimi nitaenda, lakini nitaenda nimenuna."

"Nuna, bora uende."

Kazi ngumu zaidi ilikuwa Rispa. Majina ya wagonjwa nimeyabadilisha, lakini yeye alikuwa kama nitakavyomweleza. Mwanamke mrefu aliyekuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale Lindi, sauti yake ikisikika mpaka njia ya reli. Mume alikuwa ameshatangulia. Tulitoka upande mmoja wa Ziwa Victoria, tuliongea Kijaluo, na chumba chake kilikuwa milango michache tu kutoka kwangu. Nilikuwa nimemhudumia tangu alipoanza kushindwa kusimama.

Wahudumu wenzangu niliwaambia nilipinga, kwa sababu walistahili kujua. Mgonjwa ni tofauti. Yeye ana ugonjwa wake wa kubeba, hana haja ya kubeba ubishi wa kamati. Nilikaa kando ya kitanda, nikamwambia, "Rispa, tumeamua kubadilishana. Kuanzia Jumatatu atakuja mwenzetu kutoka Kawangware, anaitwa Wambui. Ni mpole na mikono yake ni myepesi. Mimi nitaenda kwao."

Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Nimekuchosha?"

"Hapana."

"Ni harufu?"

"Rispa, hapana. Ni mpango wa kazi."

"Basi nenda na mpango wako," akasema, akageuza uso ukutani. Niliondoka pale, na ilinibidi nijizuie nisirudi kumwambia kwamba siyo mimi, ni wao.

Jumatatu Sista alinichukua yeye mwenyewe kunionyesha mgonjwa wangu mpya. Tulipita njia ya nyuma Kawangware, kati ya ploti mbili, tukaingia kwa lango dogo la mabati. Alibisha hodi. Mlango ukafunguliwa na Mwenyekiti.

Hakuwa na koti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona na shati peke yake, na alionekana mdogo.

"Karibu, mama," akasema. "Binti yangu yuko huku."

Njeri alikuwa katika chumba cha nyuma, dirisha limefunikwa kwa blanketi. Alikuwa msichana aliyesoma, aliyekuwa akifanya kazi ofisini katikati ya mji. Watu wa kanisa lao waliambiwa amepata kazi Mombasa. Kumbe kwa miezi alikuwa pale, akitunzwa na mama yake ambaye hakuna aliyemfundisha, na mgongo wake ulikuwa umeanza kuoza. Wahudumu wote wa upande ule walikuwa waumini wa kanisa lile lile, na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kupita lango.

Nitasema kweli nilivyohisi. Kwanza nilipata hasira. Nilisema moyoni, mzee huyu amegeuza kikundi kizima juu chini kwa sababu ya chumba chake cha nyuma, na Rispa wangu analipia. Kisha nikaangalia uso wa yule msichana, kama nilivyofundishwa, na hasira ikabidi ingoje. Nikaomba maji ya moto.

"Niaje, mama," Njeri akaniambia kwa sauti ya chini nilipokuwa nikimgeuza. "Wewe hunijui, si ndio?"

"Sikujui."

"Hujui nilikuwa naimba solo kanisani?"

"Sijui chochote. Mimi ni mtu wa Kibera."

Akafunga macho, akacheka kidogo. "Poa sana," akasema. "Hiyo ni poa sana."

Niliporudi Lindi jioni ile, Wafula alikuwa ananingoja na malalamiko. Viatu vimeisha, njia ni ndefu, mgonjwa aliyepewa ni mzee mwenye maneno mengi. "Huyo mwenyekiti ana ploti na ana koti," akasema. "Shida anaijulia wapi? Ametusukuma tu."

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Neno moja lingemnyamazisha. Lakini siri ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa, hata ikiwa ndiyo hoja bora uliyo nayo. Ilinibidi niendelee kutetea uamuzi ambao sikuupenda, bila kutumia sababu pekee iliyonifanya nianze kuuelewa. Nikamwambia tu, "Tumesema mpaka masika yaishe. Yataisha." Yeye akaniona mimi ni mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa. Alinionyesha hivyo kwa siku nyingi.

Kisha mvua zikaja, na zikaja kama nilivyosema mkutanoni.

Wambui alikuwa mhudumu mzuri. Aliuza mboga Kawangware, akafunga kibanda mapema siku za zamu, akaja Lindi akiwa na viatu mkononi kwa sababu ya matope. Nilimwona akipita mlangoni kwangu, tukasalimiana, na sikumwuliza chochote kuhusu Rispa ila njia. Lakini wiki moja mvua haikukata. Wambui hakuonekana siku yake, wala siku iliyofuata, na asubuhi nyingine jirani wa ukuta mmoja na Rispa akanigongea.

"Mama Achieng, kuja. Anaharisha tangu juzi na hanywi kitu."

Nilisimama pale na ndoo mkononi. Sheria niliyoitangaza mimi mwenyewe ilikuwa wazi, na Wafula alikuwa akiishi njia ile ile, ataniona. Sikufikiri kwa muda mrefu. Nilichemsha maji, nikakoroga sukari na chumvi, nikaingia.

Macho ya Rispa yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya mkono niliyoifinya ilibaki imesimama, dalili kwamba mwili umekauka. Nikaanza kijiko kwa kijiko. Baada ya kitambo akapata sauti.

"Si mlikatazwa?"

"Nimekatazwa kuwa mhudumu wako. Sijakatazwa kuwa jirani yako. Meza."

Nilimwosha, nikamgeuza, nikaona wekundu kwenye nyonga, kidonda kinachotaka kuanza. Nilikaa mpaka alipokojoa, kwani hiyo ndiyo alama kwamba maji yamerudi mwilini. Halafu nikamwachia jirani kijiko na maelezo, nikajifunika karatasi ya nailoni, nikaenda Kawangware kwa miguu, nikizunguka mbali kuepuka mto, mvua ikinyesha. Wafula alikuwa amesimama mlangoni kwake.

"Sasa wewe umeruhusiwa?" akaniuliza.

"Ndiyo naenda kuwaambia."

Nilimkuta Sista katika kile chumba cha mkutano akipanga glavu. Kumbe Wambui alikuwa ameteleza akivuka mto, kifundo cha mguu kimevimba, na aliyetumwa kutupasha habari hakufika.

"Nimeingia kwa Rispa bila kukuuliza," nikasema kabla sijaketi. "Nimekuja uisikie kwangu."

"Ungeuliza, ningekuambia ingia."

"Ningefika hapa na kurudi, angekuwa amekauka kabisa."

Alinipa kitambaa nijifute. "Umefanya vizuri kuingia," akasema. "Na umefanya vizuri zaidi kuja. Sasa kaa chini, unieleze uamuzi huu umefanya nini. Yote. Pale ulipoharibu na pale uliposaidia. Wewe ndiye ninayetaka kumsikia, kwa sababu uliukataa na bado ukaufanya. Wale walioupenda wananiambia kila kitu ni kizuri. Wale wasioufanya wananiambia kila kitu ni kibaya. Nitajuaje?"

Nikamweleza. Kawangware milango iliyokuwa imefungwa ilikuwa imefunguka, na sikusema ni ipi. Lindi watu waliokuwa na jirani mwema walikuwa wamebaki na mgeni anayezuiwa na mto. Nilipomaliza akasema, "Utasema hayo hayo mbele ya kamati."

Mkutano wa kupima ulifanyika masika yalipopungua. Mwenyekiti aliketi mahali pake na koti lake. Watu wa Kibera walikuja na makali, wakitaka mpango wote ufutwe siku hiyo. Niliyemtazamia awe wa kwanza kuufuta ni Wafula, na alisimama kweli, akakuna kichwa.

"Mimi huu mpango sikuupenda," akasema. "Lakini huyo mzee wangu wa Kawangware naye alikuwa fundi wa mawe. Hana mtu wa kuongea naye. Mkinitoa kwake, mtaenda kumwambia nyinyi. Mimi sitaweza."

Watu wakacheka, na hewa ikalegea. Nikasimama. Nilisema tuache kuwaamulia watu wote jambo moja. Kila mgonjwa aulizwe, unataka mhudumu wa kwenu au wa mbali? Na kila mgonjwa anayehudumiwa na mtu wa mbali awekewe jirani wa akiba, mtu aliyefundishwa, aliye na ruhusa ya kuingia siku ya dharura bila kumwuliza yeyote.

Mwenyekiti aliniangalia. Alijua ninachojua. Mimi niliangalia meza, kwa sababu sikutaka adhani namtisha. Kama ningetaka kushinda kwa njia hiyo, ningeshashinda siku nyingi, na nisingekuwa na haki ya kuingia tena chumbani kwa mgonjwa yeyote.

"Mama huyu alipinga neno langu hapa hapa," akasema hatimaye. "Kisha akalifanya. Mimi naona tufuate anavyosema." Mikono ikainuliwa, safari hii karibu yote.

Nilirudi Lindi nikiwa mwepesi kama msichana. Kesho yake, mguu wa Wambui ukiwa umepona, tuliingia sote wawili kwa Rispa. Alikuwa ameketi, ameegemea mto, ana nguvu kidogo. Nikamweleza kwa Kiswahili ili Wambui asikie. Kuanzia leo unachagua mwenyewe.

Hakufikiri hata kidogo. "Nataka huyu," akasema, akamwonyesha Wambui.

Nilidhani hajaelewa. Nikarudia kwa Kijaluo.

"Nimesikia," akanijibu kwa lugha yetu. "Usikasirike, nyamera, dada yangu. Wewe unawajua watu wangu wote. Unamjua marehemu mume wangu, unamjua mama yake, unajua nilivyokuwa. Kila ukinishika naona aibu. Huyu hajui mtu. Nikilia mbele yake, machozi yanaenda Kawangware."

Wambui alikuwa ananiangalia, hajui kilichosemwa. Nilimwambia, "Amekuchagua wewe," na nikatoka nje nikasimama kwenye upepo. Niliumia, sitasema uongo. Nilikuwa nimempigania mwanamke yule mbele ya kamati nzima, na kumbe sikuwahi kumwuliza. Tangu siku ile nimewasikiliza wagonjwa kwanza, kabla sijaenda mkutanoni kuwasemea. Nilibaki jirani wa akiba wa Rispa, na niliitwa mara kadhaa. Alifariki mikononi mwa Wambui, mchana, akiwa safi, bila kidonda hata kimoja.

Njeri alitangulia kabla yake. Siku ya mazishi nilisimama nyuma kabisa, kama mtu wa Kibera asiyejulikana. Baba yake alipopewa nafasi, aliwaambia watu wa kanisa kwamba binti yake hakuwahi kwenda Mombasa. Akataja ugonjwa kwa jina lake. Wakati ule hakuna aliyefanya hivyo kaburini, watu walisema kifua, walisema malaria. Akasema pia kwamba alimficha, na kwamba waliomwosha walitoka mbali na hawakusema neno. Kwa kuwa alisema mwenyewe, ndiyo maana nami leo naweza kuandika. Tangu siku ile hakuna mpangaji wa ploti zake aliyefukuzwa kwa sababu ya ugonjwa, na niliwahi kumsikia akimkemea mwenye nyumba mwingine njiani kwa jambo hilo.

Nimefanya kazi chini ya waratibu kadhaa tangu wakati huo, wengine wakali, wengine wapole, mmoja mvivu. Nimepokea maamuzi mengi niliyoyaona mabaya. Mengine yaligeuka kuwa mazuri na nikafurahi. Mengine yalikuwa mabaya kweli, na kwa sababu tuliyafanya sawasawa ubaya wao ulionekana mapema, tukayarekebisha. Katika kazi ya kujitolea hakuna mshahara wa kumfunga mtu. Kinachotushika pamoja ni kwamba nikisema nitafanya, nitafanya, na nikikataa, nitakataa mbele yako.

Siku hizi magoti yamechoka. Mratibu wa sasa ni kijana aliyesomea chuo, mwenye adabu, na majuzi kamati yake iliamua kwamba sisi wazee tuache kuzunguka majumbani, tubaki kufundisha wahudumu wapya. Niliomba nafasi, nikasimama, nikasema magoti ni yangu na nayajua mimi, na kwamba mgonjwa hufarijika akiona mtu mwenye mvi. Walinisikiliza mpaka mwisho. Wakainua mikono. Nilishindwa tena.

Jumatatu nilifika mapema katika chumba cha mafunzo, nikafagia, nikapanga viti. Vijana wakaingia na kelele zao. Msichana mmoja wa mbele, aliyekuwa amesikia habari za mkutano, akaniuliza bila kuogopa, "Mama Achieng, hii maneno ya kuwatoa kwa field, kwani wewe ulikubali?"

"Sikukubali," nikamwambia. "Haya, nyoosheni mikono nizione kucha zenu."